Chef wa Alhamisi

Ukiniuliza Mama Biblio alikuwa mtu wa wapi, nitakujibu kama alivyokuwa akijibu mwenyewe: wa maktaba. Kwangu hutapata jibu jingine. Baba yake alikuwa nani, mama yake alivuka mto gani, ni kabila gani lililompa ile sauti ya kukaripia, hayo ninayajua na sitayasema. Miaka ile pale Likasi swali hilo halikuwa salamu. Lilikuwa swali la kumtoa mtu nyumbani kwake. Watu waliokaa jirani tangu utotoni, waliobatiziana watoto na kuazimana chumvi, walianza kuulizana asili, na wengine wakajikuta wamelala uwanjani pale stesheni pamoja na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo hawajawahi kuiona. Ndugu za baba yangu walikuwa miongoni mwao. Baba alikuwa wa huko, mama alikuwa wa hapa, nami nilibaki katikati, na kila aliyepita aliona ana haki ya kunipimia damu.

Siku niliyomwendea kuomba kazi, nilianza kujieleza kabla hajaniuliza. Nilikuwa nimeshazoea. Alinikatiza.

"Minye nilikuuliza? Unajua kusoma?"

"Najua, mama."

"Unajua kufagia?"

"Najua."

"Basi. Hii bitabu haiulizaka muntu anatoka wapi. Na minye siulizaka."

Hakuuliza hilo, lakini aliuliza yote mengine: kama nina mchumba, kama mchumba anakunywa, kwa nini kola yangu imechakaa upande mmoja, na kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akanipa viazi vitamu vilivyopoa, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza, kisha akanipa fagio.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha bati katika foyer moja ya zamani, nyumba ya jumuiya pembeni mwa mtaa wa Kikula, mahali ambapo zamani wake za wafanyakazi walifundishwa kushona. Vitabu viliachwa na watu walioondoka nyakati mbalimbali, kwa haraka mbalimbali: riwaya za Kifaransa, katekisimu, vitabu vya kutengeneza pampu, kamusi isiyo na jalada. Nyaya za umeme wa bwawa la Mwadingusha zilipita juu kabisa ya paa letu zikienda kuwasha taa za wengine, na sisi ndani tulisoma kwa mwanga wa dirisha. Mishahara ilikuwa imekoma. Viwanda vilikuwa vinafunga mlango mmoja baada ya mwingine. Walimu walikuwa wanauza makala, mkaa wa kupikia. Katika hali hiyo kulikuwa na watu waliotuambia usoni kwamba maktaba ni mchezo wa watu walioshiba, na Mama Biblio aliwajibu kwamba yeye hajashiba tangu zamani na bado anaucheza.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu anayekwenda kudai kitu. Juu ya kitenge alivaa koti la kiume la kahawia, mikono yake imekatwa na kupindwa na fundi wa sokoni. Koti hilo lilikuwa na historia. Kabla yake kulikuwa na mkuu wa maktaba, bwana mwenye tai, aliyefunzwa kazi hiyo na mwenye kuipenda kadiri ilivyomlipa. Fedha zilipoacha kuja, naye akaacha kuja. Aliacha funguo mezani na koti kwenye kiti. Mama Biblio wakati huo ndiye alikuwa mfagiaji, na alikuwa amefagia pale miaka mingi huku akisoma kila alichopangusa vumbi. Alichukua funguo, akachukua koti, akafungua dirisha. Hakuna aliyempa ruhusa. Alipenda sana kutukumbusha hilo.

Lakini usinielewe vibaya. Wanaomsimulia leo kama mama mnyenyekevu aliyejitolea kimyakimya hawakumjua. Hakuwa mnyenyekevu, na kimya hakukijua kabisa. Alikataza kelele kwa sauti iliyosikika hadi kwa mshona viatu wa ng'ambo ya barabara. Na alikitaka cheo. Alikitaka hasa, bila aibu, kama mtu anavyotaka nyumba yake mwenyewe. Nilimsikia mara nyingi akipangusa rafu na kulitamka lile neno peke yake, polepole, bila kumeza hata silabi moja: bibliothécaire, yaani mkutubi. Kwenye karatasi za kamati ya foyer alibaki kuwa nettoyeuse, yaani mfagiaji. Alikwenda kwao kudai, akarudishwa. Akaenda tena. Katibu wa kamati alimwambia maneno ambayo yeye alikuwa akiyarudia mbele yetu kwa kuigiza, kidevu juu, vidole tumboni: "Mama, ulianza na balai. Balai na kiti ya chef haitembeaka pamoja." Balai ni fagio, chef ni mkuu. Sisi tulicheka alivyomwigiza. Yeye hakucheka.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni angekiona mlangoni ni beseni. Lilianzishwa na yule bwana wa tai, naye alikuwa na nia yake. Aliyekuja na mikono myeusi ya makala au ya kijani ya udongo wa mawe ya shaba alionyeshwa beseni, na kwa kawaida halikuwa na maji. Basi mtu aliangalia mikono yake, akaona haya, akarudi nyumbani. Maktaba ilibaki safi na tupu. Mama Biblio alipokamata funguo, tulidhani atalitupa lile beseni. Alilibakiza. Ila alikwenda mwenyewe kuchota maji kwa jirani mwenye kisima, kwa maana mabomba yalikuwa yamekauka, na akasimama mlangoni na jagi. Kila aliyeingia alimiminiwa maji, kama mgeni anavyomiminiwa kabla ya bukari, ugali wetu, taratibu, na magoti yamekunjwa kidogo. Muuza makala, mchimbaji, mama wa sokoni, mwalimu, wote. Nimeona wanaume wazima waliotoka kwenye mashimo wakinyoosha mikono na kushindwa kumwangalia. Hakuna aliyewahi kuwanawisha tangu walipoanza kuchimba.

Sokoni Kikula nilichoka kutembea naye. Siku hizo njugu zilifungwa kwenye kurasa za vitabu, na yeye hakuweza kupita karibu na mtu anayekula njugu bila kumwinamia asome. Siku moja alimkuta mama mmoja anafungia njugu katika kitabu kizuri cha jiografia, amefika katikati.

"Hii kitabu ulitoa wapi?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Karatasi ni ile ya sukari. Hii ni milima. Unafunga njugu na milima?"

Waligombana mpaka watu wakajaa. Mwishowe yule mama alimpa nusu iliyobaki ili aondoke, na Mama Biblio akamletea rundo la magazeti ya zamani badala yake. Nusu ile ya jiografia tuliishona kwa uzi wa gunia. Kwa miaka mingi dunia ya maktaba yetu ilianza katikati.

Alisali katika chumba kimoja cha maombi, wale wa kufunga na kulia kwa sauti, na alikuwa na imani kweli. Pastère alipohubiri kwamba riwaya ni milango ya mapepo, Mama Biblio alisema amina kuliko wote. Kesho yake mke wa pastère alikuja, kama kawaida, na riwaya ya mapenzi aliyoificha kwenye kitenge, akitaka nyingine.

"Mama Biblio, lakini pastère alisema..."

"Alisema juu ya bitabu ya shetani. Hii ni ya mwanamuke mwenye kutafuta bwana. Kamata, na usikunje ukurasa."

Sasa nije kwenye Alhamisi, maana bila Alhamisi hujamwona.

Nilikuwa nimemaliza miezi kadhaa pale, nikifagia na kuandika majina ya wasomaji. Alhamisi moja, siku ya ine kama tunavyoiita kwetu, alininyang'anya fagio, akavua koti, akanitupia mabegani.

"Leo weye njo chef. Kaa."

Nilicheka, mimi ndiye mkuu! Yeye alikuwa ameshaanza kufagia chini ya meza. Nilikaa kwenye kile kiti, kiti ambacho hakuruhusu mtu hata kula karibu nacho, na siku nzima nilitamani nisionekane. Alinijia kuomba ruhusa ya kwenda kuchota maji. Akaja kuuliza mwalimu anayetaka vitabu viwili apewe au asipewe. Akaja kuniomba aondoke mapema kwa sababu kichwa kinamuuma, nami nikasema ndiyo mama, nenda ukapumzike. Akatupa fagio chini.

"Kichwa hakiniume! Wasomaji bamejaa, na weye unaacha mufanyakazi anaenda? Kataa! Sema apana!"

"Nitakukataza namna gani weye, mama?"

"Minye sipo mama leo. Minye niko balai. Sema!"

Nilisema hapana. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Alinifanya niirudie mpaka msomaji mmoja wa dirishani akaomba nisimwache kweli aondoke. Ndivyo ilivyoanza. Kila Alhamisi kiti kilikuwa cha mwingine na fagio lilikuwa lake. Baadaye alikuja Yaya Régine, yaani Dada Régine, muuza mikate ya mafuta, mjane, aliyefika kwetu kujifunza kusoma maandishi ya kwenye dawa za mtoto wake na hakuondoka tena. Naye akapewa Alhamisi yake. Alikalia kiti kile vizuri kuliko sisi sote, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kukatalia watu mikopo.

Nilimuuliza Mama Biblio mara moja, tukiwa tunabambua njugu, kwa nini anaachia kiti anachokipenda vile.

"Baliniambia balai na kiti haitembeaka pamoja," akasema. "Basi nabafundisha kutembea."

Katibu wa kamati hakuwa amewahi kukanyaga maktaba. Alikuja siku moja bila kutuarifu, na kwa bahati ilikuwa Alhamisi. Mfanyabiashara wa unga alikuwa anatafuta ghala, na kamati ilikuwa imekubali kumpa chumba chetu. Vitabu vingekwenda sokoni. Kilichobaki ni funguo. Aliingia na viatu vinavyong'aa, akamkuta mlangoni mama mfupi ameinama na fagio, kitambaa kichwani, bila koti. Aliyemfukuza mara mbili ofisini kwake hakumtambua akiwa ameinama.

"We mama, chef iko wapi?"

Mama Biblio hakunyanyuka. Alinyoosha mpini wa fagio kuelekea kwangu.

"Chef njo ule pale."

Nakwambia wazi, niliogopa. Wasomaji waliacha kufunua kurasa. Ndugu zangu walikuwa wameshapanda treni, mama yangu alikuwa akinikataza hata kutaja jina la baba mbele za watu, na bwana huyu alikuwa na rafiki kila ofisi. Alinikaribia, akaniangalia usoni, nikajua swali linakuja.

"Weye uko mutoto wa nani? Muntu wa wapi?"

Nilimtazama Mama Biblio. Alikuwa anafagia mahali pamoja tu, pameshakuwa safi. Hakuinua kichwa. Nilielewa kwamba hatanisaidia, na kwamba ile sauti ya kifaranga niliyoirudia Alhamisi zote ilikuwa kwa ajili ya siku hii. Hasira ilinipanda, hasira ya stesheni, ya masufuria uwanjani, ya kupimiwa damu kila asubuhi. Nilisimama na lile koti.

"Niko chef wa hii bibliothèque, papa. Na hapa kwetu muntu ananawa mikono mbele ya kusema."

Mama Biblio alikuwa ameshaweka fagio ukutani. Alikuja na beseni na jagi, akapiga magoti kidogo mbele ya katibu, na akangoja. Mwanaume wa kwetu anaweza kukataa mambo mengi, lakini maji ya kunawa yaliyomiminwa na mama mzee, mbele ya akina mama waliojaa chumba, hayo hawezi. Atasemwa mpaka kaburini. Alinyoosha mikono. Maji yalimiminika polepole sana. Na mtu aliyenawishwa ni mgeni, na mgeni hadai funguo za nyumba. Alikaa. Nilimpa kitabu, kama ilivyo haki ya kila anayeingia. Alikishika kichwa chini miguu juu, akaaga, akatoka na mikono bado inadondosha maji.

Alirudi wiki iliyofuata, si Alhamisi. Lakini Mama Biblio alikuwa amekwisha kuvunja utaratibu wake mwenyewe, na sasa kiti kilizunguka kila siku. Katibu alimkuta Yaya Régine amevaa koti. Akauliza chef wa juzi yuko wapi, akaambiwa yule ndiye anayefagia. Akamwambia Yaya Régine atoe funguo, na Yaya Régine akamwambia aje na chef wake yeye, wazungumze chef kwa chef. Siku nyingine alimkuta mke wa pastère kwenye kiti, naye akamwombea kwa sauti, mkono kichwani, mpaka akasahau alichofuata. Kamati haikujua imfukuze nani. Mfanyabiashara wa unga alichoka, akapata ghala kwingine.

Ushindi huo ulikuja na mwiba. Kamati iliniita, ikaniambia maktaba itabaki, na kwamba kwa kuwa nina diploma ya shule ya sekondari, mimi ndiye nimeteuliwa mkuu. Mama Biblio atabaki nettoyeuse. Katibu alilisema hilo akitabasamu, naye alijua vizuri analisema kwa nani.

Nilirudi nakimbia, nikamwambia nimeamua kukataa. Nilitaka afurahi. Aliingia kati ya rafu, na nikamsikia akikung'uta vitabu vumbi kama vimemkosea. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Kamata."

"Apana, mama. Kiti ni yako."

"Najua ni yangu! Inaniuma. Usifikiri hainiume. Lakini ukikatala, batatia mwanaume wa inje, na ule hatanawisha muntu mikono. Minye sikupigana ili matako yangu tu ikae kwa kiti. Kamata."

Nilikubali. Nimekasirika mpaka leo, na sijawahi kuomba radhi kwa hasira hiyo. Siku niliyokwenda kuthibitisha, nilimwambia katibu kwamba Alhamisi hatanikuta kwenye kiti, na asiulize sababu.

Baadaye miguu ilimvimba. Binti yake alikuja kumchukua akakae naye upande wa Mwadingusha, kuna samaki na shamba dogo. Aliondoka bila sherehe. Aliniachia koti na kunikumbusha kwamba dirisha la mwisho linavuja. Miaka ikaenda. Vita ikaja, fedha zikabadilishwa jina, katibu akawa mtu wa kanisa. Tuliendelea.

Nilimwona tena Alhamisi moja, mwisho wa miaka ile. Nilikuwa nafagia karibu na mlango, nimejifunga kitambaa. Kwenye kiti alikuwa Nadège, binti kijana wa Kikula aliyeanza kwetu karibuni, hajawahi kumwona. Kivuli kiliingia mlangoni na fimbo. Niliona kwanza miguu, imevimba, kwenye sandali za mpira. Nikainuka kupiga kelele ya furaha, naye akaniwekea kidole mdomoni mwake. Kisha akasogea kwenye beseni, akaegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mikono yote miwili, akangoja.

Niliweka fagio chini. Nilipiga magoti nikamimina. Mikono ilikuwa imekauka, ina mipasuko ya jembe. Nililia, na sikujificha.

"Chini ya meza umeacha vumbi," akasema.

Akaenda mbele ya Nadège. Nadège alianza kuinuka ampe kiti, akamzuia kwa fimbo.

"Kaa. Chef anakaaka. Minye nakuya kujiandikisha, nataka kitabu."

Nadège akafungua daftari la wasomaji. Akauliza jina, akatajiwa. Akauliza avenue, akatajiwa nyumba ya binti. Kisha, bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa ameshaona kile kitenge cha shamba na zile sandali, akasema, "Kazi: mulimaji," na kalamu yake ya risasi ikaanza kuandika.

"Apana. Futa," akasema Mama Biblio.

Nadège akainua kichwa.

"Andika bibliothécaire."

Msichana alimtazama yule mama, kisha akanitazama mimi. Ilikuwa Alhamisi, haikuwa kazi yangu kusema. Nilichukua fagio nikaenda chini ya meza.

"Na usiandike na crayon," akasema Mama Biblio. "Tafuta bic."

Nadège akafuta, akatafuta bic, kalamu ya wino, kwenye mtoto wa meza, akaandika neno zima.